Siku Kisanduku Hakikulia

Umeme ulikatika saa nne na robo asubuhi, na Bi Rafia ndiye aliyekuwa wa kwanza kutambua kwamba safari hii kisanduku hakikulia. Kwa kawaida taa zikizimika, kile kisanduku cheusi chini ya meza ya mkwewe hupiga kelele tii, tii, tii, mpaka Bi Rafia hukijibu kutoka jikoni, "Nimesikia, nyamaza." Leo kimya. Alisimama na mwiko mkononi, akakumbuka kisanduku kiko wapi, akasema, "Ewe Mola wangu."

Kisanduku kilikuwa nyumba ya tatu, kwa Zouhoura, aliyekuwa akimwoza bintiye. Moroni jirani akiwa na harusi hakuombi ulete kitu, anakuuliza una nini. Vinatoka viti, vinatoka mikeka, zinatoka sufuria, na mwenye kubana chake husemwa mpaka wajukuu. Na Bi Rafia ndiye mkuu wa vyombo wa mtaa mzima. Kila nyumba ina alama yake: huyu uzi wa kijani kwenye mkono wa sufuria, yule rangi ya mlango. Ya Bi Rafia ni tone la rangi nyekundu ya kucha chini ya chombo. Cha kukaa ndani hakitiwi alama. Kinachotoka kwenda kwa watu ndicho kinachotiwa.

Alfajiri ile Zouhoura alikuja analalamika. "Jana mwimbaji kakatikiwa na umeme katikati ya jina la bwana harusi. Watu wa bwana harusi wamenuna hadi sasa. Huna kitu cha kuzuia kipaza sauti kisizimike?"

Bi Rafia akakumbuka kwamba mkwewe, Faïssoili, aliwahi kumweleza kuwa ile ondulea, ndivyo alivyokiita kisanduku, kazi yake ni kushika umeme ili mashine isife ghafla. Faïssoili alikuwa msikitini. Bi Rafia akapiga magoti, akaitoa ondulea, akaichomeka kompyuta ukutani kwa adabu zote, akatia tone lake jekundu chini ya kisanduku na kumkabidhi Zouhoura. Kitambaa cha meza, alichokidarizi mwenyewe, kilifika mpaka sakafuni. Faïssoili aliporudi kuswali aliwasha mashine, akaiamuru ivipange upya vipande vya filamu, akaondoka kwenda Mvouni kutengeneza kompyuta za watu. Hakuinama kutazama chini ya meza. Nani huinama kila siku kutazama alichokiweka mwenyewe?

Sasa Bi Rafia alitupia leso kichwani, akaenda kwa Zouhoura mbio mbio, akakichukua kisanduku kwa visingizio ambavyo hata yeye hakuvielewa, akakirudisha mahali pake. Kisha akaenda kugeuza wali, ambao ulikuwa umeshaungua.

*

Filamu yenyewe ilikuwa ya harusi ya Faïssoili na Echat, binti wa pekee wa Bi Rafia, iliyofungwa miezi mitatu nyuma. Kwa nini iwe jambo kubwa? Kwa sababu mama wa bwana harusi hakuiona. Bi Touhfat alikuwa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na mwaka ule wakubwa wa Nzwani walikuwa wamejitenga na wakubwa wa Moroni. Wakubwa wakinuniana, wanaokosa safari ni wadogo. Ndege aliyokuwa aipande pale Ouani ilifutwa, boti ikakataa abiria, na Bi Touhfat akabaki na sanduku lake limefungwa kamba, na ndani shiromani mpya, nguo ya kujitanda ya wanawake wa Nzwani, akisikiliza harusi ya mwanawe kwa simu iliyokuwa ikikwaruza.

Majirani wa Mutsamudu nao hawakumpa nafasi ya kupumua. Walisema kijana kaozwa Moroni kama mtu aliyeokotwa, hana mama, hana shangazi, na wakwe hawakujali. Bi Touhfat aliwajibu kwamba filamu inakuja, waje waone kwa macho yao heshima aliyopewa mwanawe. Alishawaalika. Kila simu iliposhika, jambo la kwanza lilikuwa, "Filamu?" Na Faïssoili, fundi wa filamu za watu, ya kwake mwenyewe alikuwa akiiahirisha ili iwe nzuri kuliko zote.

Alirudi kutoka Mvouni saa nane, akawasha mashine, akaona maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Diski ina makosa. Itengenezwe, ndiyo au hapana?

Alikaa kitini taratibu. Akainama, safari hii, na kuikuta ondulea mahali pake, waya wake umechomekwa vizuri kuliko alivyouacha.

"Mama," aliuliza, "hapa pamekuwaje?"

"Umeme ulikatika," alisema Bi Rafia toka jikoni. Ilikuwa kweli tupu, ila ilikuwa nusu.

Echat alikuja na kanga kiunoni, akamtazama mumewe usoni. "Ni ile yetu?"

"Ni ile yetu."

"Kanda za kamera si zipo?"

Faïssoili alijikuna kichwa. Kanda mpya sokoni Volo Volo zilikuwa zimeadimika, na juzi, kwa vile harusi ilikwisha kuingia kwenye diski, alizitumia zile zile kumpigia picha binti wa Zouhoura. Aliyafuta mavazi ya mkewe akaweka ya binti wa jirani. Echat alipolisikia hilo alifungua kanga, akaifunga upya, akatoka nje, na huo ndio uliokuwa ugomvi wao mkubwa tangu waoane.

*

Mzee Salimou, kaka yake Bi Rafia na mjomba mwenye sauti katika nyumba ile, aliletwa na habari. Alikuwa karani mstaafu wa bandari na bado alivaa kalamu mfukoni. Akasoma maandishi kwenye kioo kwa miwani yake.

"Mashine imeuliza kwa adabu. Bonyeza ndiyo."

"Hapana, mjomba. Nikibonyeza itaanza kurekebisha papo hapo kwenye diski yenyewe. Ikikosea, au umeme ukikatika tena katikati, basi."

"Sasa utafanya nini?"

"Kwanza naitoa picha ya diski nzima kama ilivyo, na ubovu wake, mpaka pale pasipo na kitu. Naiweka kwenye diski nyingine. Halafu hii ya kwanza naifunga, siigusi tena. Ukaguzi nafanya kwenye picha."

"Ajabu yenu Wanzwani," alisema Mzee Salimou. "Kitu ni kimoja, nyinyi lazima mkitenge viwili."

Mizaha ya namna hii Faïssoili alikuwa akiila kila siku pamoja na chai. Sokoni alikwisha kuulizwa kama na muhogo nao unataka uhuru wake. Alitabasamu. "Mimi nimejitenga nao, mjomba. Ndiyo maana nimeoa hapa."

"Na unataka nini kwangu?"

"Jenereta. Picha itachukua saa sita mfululizo. Umeme wa mji haudumu saa sita."

Mzee Salimou alicheka kwa pua. Jenereta yake aliifunika shuka kama mtoto mchanga, na mafuta mwezi ule yalipangiwa foleni. "Wamejitenga, lakini mafuta wanataka yetu," alisema, safari hii bila mzaha mwingi. Faïssoili aliinamisha macho. Ndani ya nyumba ya mkewe, mbele ya mjomba wa mkewe, mwanamume hana pa kuuweka uso wake.

Bi Rafia aliyasikia yote mlangoni. Dhambi ya kisanduku ilikuwa imemkaa kifuani tangu asubuhi, na hii sasa ilizidi uzito. "Salimou," alisema, "kalete jenereta."

"Dada, mafuta..."

"Siku ya harusi ya huyu kijana ulikula mara tatu. Nilikuwa nahesabu sahani. Kalete jenereta."

Ililetwa.

*

Asubuhi ya pili jenereta ilinguruma uani, na nyumba nzima ikakatazwa kuchomeka chochote. Faïssoili aliwasha mashine kwa mfumo ulio kwenye sidii ili diski mbovu isiandikwe hata herufi. Picha ikaanza kutoka. Mzee Salimou, aliyekuja kuilinda jenereta yake, aliishia kulinda waya: kila aliyepita karibu alionyeshwa kalamu.

Ilipokwisha, Faïssoili alipiga hesabu ya diski yote, kisha hesabu ya picha yote, akalinganisha tarakimu ndefu mbili moja baada ya moja. Zililingana: picha haikupungua kitu. Diski ya zamani akaizungushia kitambaa na kumpa mkewe aiweke kabatini. Echat aliipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo waliposemezana tena.

"Sasa ukaguzi," Faïssoili alisema. "Mara ya kwanza nauliza tu, sigusi."

Bi Rafia alikuwa amevuta kigoda. "Nieleze, mwanangu. Unakagua nini?"

Faïssoili alifikiri kidogo. "Mama, siku ya pili ya harusi, sufuria zikiwa zimelundikana uani, wewe hufanya nini?"

"Sirudishi hata moja kabla sijazipanga zote mstari. Nashika daftari. Hii ya nani, ina alama gani, imo katika daftari au haimo. Wako wenye majina daftarini na sufuria zao hazionekani. Ziko sufuria zilizofutika alama, hazina mwenyewe. Na iko ile moja inayodaiwa na wawili."

"Basi ni hivyo hivyo. Diski ina daftari, na ina vyombo. Umeme ulikatika wakati daftari linaandikwa. Mashine inapita mstari kwa mstari, inauliza ya nani hii."

"Na zile zisizo na mwenyewe?"

"Inazitia kwenye folda moja, pembeni. Hazina jina, zina namba tu."

"Hazitupi?"

"Hazitupi."

"Ina akili," alisema Bi Rafia, na kuanzia hapo mashine ile hakuitukana tena.

Maandishi yalipita kwa muda mrefu. Makosa yalikuwa mengi kuliko Faïssoili alivyotarajia, na Echat aliyaona mabega ya mumewe yakishuka. Faïssoili akatoa nakala nyingine ya picha, na nakala hiyo ndiyo aliyoiruhusu itengenezwe: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alipofungua folda ya pembeni, vipande mia mbili na tisa vilikuwa vimelala humo, vyote bila majina. Diski ilikuwa na vipande mia mbili na kumi na mbili.

"Vitatu vimekwenda," alisema. "Na hivi vingine sijui kipi kinafuata kipi. Sikuwapo upande wa wanawake. Nitavipangaje?"

Bi Rafia alivua bangili zake, akaziweka juu ya meza. "Fungua cha kwanza."

Siku tisa walikaa hivyo, kila alasiri, kipande kwa kipande. Bi Rafia alikitazama, akatoa hukumu. "Hapa Echat ana hina mkono wa kulia tu. Ni kabla ya adhuhuri." "Huyu bado hajamwagikiwa na mchuzi. Kitie nyuma." "Salimou anakula sahani ya pili, kwa hiyo ni baada ya dua." Mzee Salimou akapinga, kipande kinachofuata kikaonyesha sahani ya tatu, nyumba ikacheka mpaka yeye mwenyewe akafuta miwani. Faïssoili aliandika namba, akapanga. Vipande vingine viliangaliwa mara ishirini. Bi Rafia alifikia kuvijua kama anavyoijua Fatiha.

Siku ya tisa, filamu ikiwa nzima, Bi Rafia hakufurahi. "Kiti hakimo," alisema.

Kiti hicho Faïssoili alikwisha kuambiwa habari zake. Bi Rafia alikiweka mbele kabisa upande wa wanawake, mkono wa kulia wa kiti chake, akakitandikia shiromani nyekundu na nyeupe ya Kinzwani aliyoitafuta Moroni nzima. Hakumruhusu mtu akikalie. Kila mwanamke aliyekuja kumpa mkono yeye, alimwambia akiguse na kile: "Msalimie na mama mwenzangu." Mwenye kamera alikichukua kitambo kizima. Sasa kimo katika vile vitatu vilivyopotea.

"Mama mwenzangu atajuaje?" Bi Rafia aliuliza. Hakuwa anamwuliza mtu.

Jioni hiyo Faïssoili aliamua kuifungua ondulea, ajue kwa nini ilimhaini. Aliipindua. Chini, pembeni mwa skrubu, palikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha.

Kumbe kisanduku kilikuwa kimetoka kwenda kwa watu. Akamsikia Bi Rafia jikoni akimpunguzia Echat pilipili kwa sababu "mumeo tumbo lake la Mutsamudu." Mkwe mtu hakemewi, hasa anapokukumbukia tumbo lako. Faïssoili akaigeuza ondulea, akaichomeka, akavuta kitambaa cha meza mpaka sakafuni.

*

Mwezi Machi askari walivuka kwenda Nzwani, wakubwa wa kule wakakimbia, na Aprili ilipokwisha ndege zilikuwa zikitua tena Ouani. Faïssoili, Echat na Bi Rafia walipanda mojawapo. Bi Rafia hakuwahi kupanda ndege. Alishika sidii ya filamu kifuani safari nzima, na alipoambiwa afunge mkanda alifunga wa sidii kwanza.

Nyumba ya Bi Touhfat ilikuwa ndani kabisa ya vichochoro vya Mutsamudu, ghorofani. Wanawake thelathini walikuwa wamekwisha kujipanga mbele ya televisheni, wengi kwa hamu, wachache kwa husuda. Bi Touhfat, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, alimkumbatia mwanawe, akamkumbatia Echat, na kwa Bi Rafia akatoa mkono. Mkono tu. Miezi sita ya maneno ya majirani haiishi mlangoni.

Filamu ikaanza. Yakaonekana mapazia, ukaonekana mlango, akaonekana Echat akitoka na dhahabu zake. Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Touhfat alisogea mbele. Na hapo hapo, taa zikazimika, televisheni ikazimika, feni ikazunguka mara tatu na kusimama.

"Hata Nzwani," alisema Echat.

Wakasubiri robo saa. Wakasubiri nusu. Mwanamke mmoja wa pembeni, jina lake Loutfia, alianza kutafuta viatu. "Basi tena," alisema kwa utamu. "Tutaiona siku nyingine, kama ipo."

Bi Rafia alimtazama Bi Touhfat na kuona anavyojikunyata katika ile sauti. Akasimama. Akaenda mbele ya televisheni iliyokufa, akafunga leso vizuri.

"Kaeni," alisema. "Sasa anatoka Echat, ana hina mkono wa kulia tu, wa kushoto bado. Nyuma yake dada wa baba yake, leso ya manjano. Huyu mtamwona tena kwenye mchuzi."

Mwanzoni walicheka kwa lahaja yake ya Kingazija. Kisha wakanyamaza wasikose neno. Kipande kwa kipande, aliisimulia harusi yote jinsi ilivyokuwa, nani kaingia, kavaa nini, kakaa wapi, dua kaisoma nani na kakohoa wapi. Aliigiza Mzee Salimou na sahani zake tatu, na Loutfia mwenyewe akashika mbavu. Alipofika upande wa wanawake alisita, akasimulia kiti. Alieleza shiromani, alieleza jinsi kila mkono uliompa yeye ulivyokigusa na kile.

Hapo hapo taa zikawaka.

Televisheni ilirudi, filamu ikaanza tena toka mwanzo, na wanawake wakaanza kumsahihisha Bi Rafia, wasipate la kusahihisha. Hina mkono wa kulia, kweli. Leso ya manjano, kweli. Mchuzi, kweli. Walifika upande wa wanawake, picha ikaruka, na mara ikawa dua.

"Mbona hatukukiona kiti?" aliuliza Loutfia.

Bi Touhfat hakugeuka. Shingo yake tu ndiyo iliyokaza.

"Hamtakiona," alisema Bi Rafia. "Kimepotea, na aliyekipoteza ni mimi. Kijana wenu alikuwa na kisanduku cha kulinda mashine. Mimi nilimwazima jirani kwa siri, umeme ukakatika, nikakirudisha na kunyamaza. Yeye akapoteza siku kumi na kitu kuokoa alichoharibu mama mkwe wake, na hajui mpaka saa hii."

"Najua, mama," alisema Faïssoili toka mlangoni. "Uliacha alama yako."

Bi Rafia alimwangalia. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya tisa."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nalelewa vizuri."

Bi Touhfat ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikubwa kisicholingana na sauti yake, akacheka mpaka machozi, na yale machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha. "Mtu wa kusema uongo," aliwaambia wenzake, "hujipamba. Huyu kajivua mbele yenu nyote. Kiti kilikuwapo." Akasogea kwenye mkeka, akapiga mkono mahali pa kuume pake. "Njoo ukae, dada."

Walikaa bega kwa bega, wakaitazama filamu mara mbili.

Siku ya kuondoka kulikuwa na baridi ya mvua, na Bi Touhfat aliivua shiromani aliyojitanda, ile ile mpya iliyokuwa imefungwa sandukuni, akamfunika nayo Bi Rafia mabegani.

"Nitairudisha," alisema Bi Rafia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa chupa yake ndogo ya rangi ya kucha. "Itie alama, isije ikachanganyika na za watu."

Bi Touhfat aliichukua chupa, akaifunga kizibo vizuri, akamrudishia.

"Ya nini alama?" alisema. "Haijatoka nyumbani."